Asome mpaka kwenye nukta

*Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chakula karibu na stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza. Binti yangu mkubwa yuko darasa la sita, shule ya serikali. Hesabu anajitahidi, Sayansi anaipenda, lakini Kiswahili kinamwangusha, hasa yale maswali ya kuchagua kitenzi sahihi cha kukamilisha sentensi. Jaribio la mwisho alipata matatu kati ya kumi. Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili ndiyo lugha yake. Mimi ni Msukuma, baba yake ni Mjita, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Watoto hawajui lugha nyingine.*

*Nilimuuliza swali moja alilokosa. Lilikuwa hivi: "Wavuvi ______ dagaa wengi jana usiku." Machaguo yalikuwa wanavua, watavua, walivua, huvua. Yeye aliweka wanavua. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Mama, si wavuvi wanavua?" Nikakosa la kusema, maana ni kweli wavuvi wanavua.*

*Baba yake anasema ni uvivu. Mwalimu mmoja wa tuisheni hapa mtaani anasema nimlipe kila mwezi, atamnyoosha. Mimi mwenyewe niliishia la saba, na jioni nakuwa nimechoka. Je, nilipe? Na je, mtoto wangu ana tatizo la uelewa?*

*Mama wa Buzuruga*

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Kwa hayo uliyoniandikia, sioni tatizo la uelewa kwa binti yako. Jibu lile alilokupa linaonyesha mtoto anayefikiri. Alisoma neno wavuvi, akatafuta kitenzi kinachoendana nalo kwa maana na kwa umbo, akakipata, akakiweka. Sehemu hiyo ameifanya sawasawa. Alichokosa ni kimoja tu: hakufika mwisho wa sentensi. Maneno "jana usiku" yako upande wa pili wa pengo, na yeye alikuwa ameshamaliza kazi kabla ya kuyafikia.

Wewe unauza chakula, utanielewa haraka. Mteja anasema "Nipe wali..." na msaidizi wako anampakulia wali maharage kabla mtu hajamaliza kusema "...na samaki, maharage leo sitaki." Msaidizi huyo anajua kupakua, na wali ni wali. Amewahi tu. Binti yako naye anawahi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baba yake. Mtoto mvivu hajibu "si wavuvi wanavua?" kwa uhakika namna ile. Anasema "sijui" au "nilibahatisha". Huyu ana sababu, na mwenye sababu unaweza kumfundisha kwa kuiongezea sababu yake kipande kilichopungua.

Sasa lile linalokushangaza, kwamba Kiswahili ndiyo lugha yake na bado anakikosa. Mwanangu, pale kibandani kwako mtu akinyoosha kidole kwenye sufuria na kusema "imeisha?" unamjibu bila taabu, kwa sababu sufuria mnaiona wote wawili. Akisema "amekuja jana", mnajua ni nani na alikuja lini, mazungumzo yanaendelea na hakuna anayesahihisha. Maongezi yana macho, mikono, sauti, na mahali penyewe mlipo. Karatasi ya mtihani haina hayo. Kila ambacho mtoto angekiona kwa macho, pale kimegeuzwa kuwa maneno machache ndani ya sentensi, na asipoyasoma yote ni kama amefumba macho. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiswahili anaweza kukosa maswali haya, na mwenzake aliyekulia Kwimba akizungumza Kisukuma mpaka alipoanza shule akayapata, kwa sababu huyo wa pili amezoea kusoma Kiswahili polepole, neno kwa neno.

Kuna jambo lingine kuhusu mtaa, na nalisema bila kuudharau. Mtaani tunasema "samaki zimeisha", "dagaa imepanda bei", "chakula imeiva". Tunaelewana. Kwenye Kiswahili sanifu samaki wamekwisha, dagaa wamepanda bei, chakula kimeiva. Binti yako anasikia ya kwanza siku nzima na anaulizwa ya pili kwa dakika arobaini. Usimkataze kusema kama wenzake wanavyosema, lakini ajue kuwa kuna mahali panapotaka umbo jingine.

Nikuonyeshe sasa kwa nini kitenzi cha Kiswahili kinahitaji subira kuliko neno lingine lolote. Chukua neno *hawakumpikia*. Ndani yake mna habari sita. *Ha* inakanusha. *Wa* inasema waliohusika ni wengi. *Ku*, ikifuata ukanushi huo, inasema jambo limepita. *M* inaonyesha kuna mtu mmoja aliyekusudiwa. *Pik* ndilo tendo lenyewe. Ile *i* baada yake inasema tendo lilikuwa la kufanywa kwa ajili ya mtu. Lugha nyingine zingetumia maneno matano au sita kusema hayo. Sisi tunayabana ndani ya neno moja, na kila kipande lazima kikubaliane na kitu fulani kwenye sentensi: "Wajomba hawakumpikia mgeni juzi." *Wa* inajibiwa na wajomba, *m* inajibiwa na mgeni, *ku* inajibiwa na juzi. Mtendaji yuko kabla ya kitenzi, mtendewa na wakati wako baada yake. Nusu ya ushahidi, na mara nyingi zaidi ya nusu, iko mbele ya pengo, kule ambako binti yako hajawa na mazoea ya kufika.

Mtunga maswali analijua hilo. Kwa kawaida huchukua kitenzi kimoja, akabadilisha kipande kimoja tu, akapata machaguo manne. Rudi kwenye swali lile: wanavua, watavua, walivua, huvua. Tendo ni lilelile, wavuvi ni walewale. Kinachobadilika ni wakati. Swali zima linauliza "lini?" na jibu limeandikwa kwenye sentensi kwa herufi wazi: jana usiku. Mtoto akizoea kujiuliza "haya manne yanatofautiana wapi?" maswali mengi yanamfungukia hapohapo.

Kwa hiyo mfundishe hivi. Kwanza afunike machaguo kwa rula au kiganja. Asome sentensi yote mpaka kwenye nukta, na kwenye pengo agune tu, "mm", apite. Kisha aseme kwa mdomo kitenzi chake mwenyewe, chochote anachoona kinafaa. Ndipo afunue machaguo, aone yanatofautiana kwenye kipande gani, halafu arudi kwenye sentensi kutafuta neno linalochagua. Aweke kidole juu ya neno hilo. Sharti langu kwako ni moja, nalo ulisimamie kwa upendo lakini bila kulegeza: asiandike jibu kabla kidole chake hakijagusa neno lililomfanya achague. Akikosa neno la kugusa, hajamaliza kusoma.

Mwanzoni atachoka, kwa sababu amezoea kupita mbio. Mvumilie. Sentensi tano alizozigusa kwa kidole zina faida kuliko hamsini alizozipitia kwa macho tu.

Maneno ya wakati ndiyo mepesi kuanza nayo. Jana, juzi na mwaka jana yanataka *li*. Kesho na mwakani yanataka *ta*. "Kila siku", "aghalabu" na "kwa kawaida" mara nyingi yanataka *hu*, na *hu* ina tabia yake: haibebi alama ya mtendaji. Ni mvuvi huvua na wavuvi huvua, basi. Mpe sentensi ambayo watu wa ziwani wanaijua: "Mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wa dagaa ______ nyumbani." Hakuna neno "kila" hapo, wala "kwa kawaida". Lakini anayejua kwamba dagaa huvuliwa gizani, kwa mwanga wa taa unaowavuta, na kwamba mbalamwezi huiharibu kazi hiyo, ataona kuwa jambo hili linajirudia kila mwezi ukijaa. Atachagua *hupumzika* na kidole chake kitakuwa juu ya "unapokuwa mpevu".

Mwonye kuhusu "bado", maana neno hili huwakwaza hata watu wazima. Watoto wengi hukariri kwamba bado inataka *ja*: bado hajafika, bado halijaondoka. Lakini pia tunasema "bado amelala" na "bado anakula". Kwa hiyo bado peke yake haichagui, mpaka itazame jirani zake. "Dereva anakunywa chai na abiria wanaendelea kukata tiketi; basi la Musoma bado ______." Hapo chai na tiketi ndizo zinazosema *halijaondoka*. Kila anapokutana na neno la kukariri namna hii, aulize: je, kuna neno lingine linaloliunga mkono?

Kipatanishi, yaani kile kipande cha kitenzi kinachokubaliana na mtendaji, kinataka jicho la aina nyingine, la kujua nani hasa ndiye mwenye tendo. "Ndoo ya samaki ______ karibu na mlango." Imeanguka, ameanguka, wameanguka? Neno lililo karibu na pengo ni samaki, na mtoto anayewahi atashika hilo. Kilichoanguka ni ndoo. Mfundishe kurudi nyuma mpaka neno la kwanza la kundi, lile linalokuja kabla ya *ya*, *wa*, *cha* au *za*. "Watoto wa dereva wa basi la Tarime ______ salama." Waliofika ni watoto, hata kama dereva na basi ndio wamesimama karibu zaidi.

Halafu kuna maneno yanayobadilisha ngeli kufuatana na maana, na hapa ndipo muktadha unapofanya kazi nzuri kuliko kanuni yoyote. Mpe binti sentensi mbili. "Kiboko ______ mtumbwi wa wavuvi." "Kiboko cha mchungaji ______ vipande viwili." Ya kwanza ni yule mnyama wa ziwani, kwa hiyo *alipindua*. Ya pili ni fimbo, kwa hiyo *kilivunjika*. Neno ni moja, na linaanza na *ki* pote pawili, lakini mtumbwi unasema mnyama na mchungaji anasema fimbo. Watoto hulipenda swali hili. Utaona uso wake unavyochangamka akiligundua mwenyewe, kwa hiyo usimwambie jibu mapema.

Kauli za vitenzi huwatisha wanafunzi kwa sababu ya majina yake, kutendwa, kutendea, kutendeka, kutendana. Wewe huhitaji majina hayo kumsaidia. Muulize maswali mawili tu: nani anafanya, na nani anafanyiwa? "Sangara walioletwa Mwaloni Kirumba ______ na wenye viwanda." Sangara hawawezi kununua. Wananunuliwa, na kidole kinakwenda kwenye "na wenye viwanda". Lakini tahadhari, *na* si ya kutendwa kila mara. "Baba ______ na mjomba stendi" inataka *alikutana*, kwa sababu hapo wawili wanafanya jambo moja pamoja. Na pale ambapo mtendaji hatajwi kabisa, "Kikombe ______ mezani", mara nyingi wanataka *kimevunjika* na si *kimevunjwa*. Ongeza "na mtoto" mwisho wa sentensi hiyo na jibu linageuka. "Bibi ______ wajukuu ugali wa muhogo": wajukuu na ugali, vitu viwili baada ya pengo, kimoja kinapikwa na wengine wanapikiwa, kwa hiyo *aliwapikia*. Yaliyobaki, yaani *nge* kwenda na *nge* mwenzake, *ngali* na *ngali*, na ile *ka* ya masimulizi, yatakuja yenyewe akishazoea kusoma mpaka mwisho. Usimrundikie.

Nataka nikae zaidi kwenye aina ya mwisho, kwa sababu ndiyo ngumu na ndiyo nzuri. Ni pale ambapo machaguo yote manne ni sahihi kisarufi, na maana peke yake ndiyo inayoamua.

"Wingu zito lilitanda juu ya ziwa na matone yakaanza kudondoka, mama ______ dagaa upesi." Machaguo: aliwaanika, aliwaanua, aliwakaanga, aliwavua. Vipatanishi vyote viko sawa. Wakati ni uleule. Hakuna kanuni ya daftari itakayomwokoa mtoto hapa. Lakini mtoto aliyewahi kusimama mwalo wa Igombe na kuona wanawake wanavyokimbilia dagaa waliotandazwa mvua inapotishia, hata swali hajalimaliza anajua ni *aliwaanua*. Sasa badilisha mwanzo tu: "Jua lilichomoza na mchanga ukakauka, mama ______ dagaa upesi." Jibu limekuwa *aliwaanika*, na upande wa pili wa sentensi hukuugusa hata kidogo. Mchezo huu wa kubadilisha kidokezo kimoja na kuona kitenzi kinavyogeuka ndio zoezi bora kuliko yote ninayoyajua. Meli *ilitia* nanga au *iling'oa* nanga? "Meli ______ nanga bandarini Bukoba, abiria wakaanza kushuka." "Honi ililia mara ya mwisho, meli ______ nanga na kuiacha Mwanza nyuma." Abiria wanaoshuka wanasema la kwanza, honi ya mwisho inasema la pili. Mama *alipakia* mizigo au *aliipakua*? Mtego *aliutega* au *aliutegua*? Lugha yetu imejaa jozi hizi za kufanya na kufanyua, na kila jozi ni sentensi mbili za bure kwa binti yako.

Ukimwona anakwama kwenye maswali ya aina hii peke yake, basi anachopungukiwa ni maneno, na hilo si kosa lake. Mtoto aliyekulia kando ya barabara ya Musoma anajua kupiga honi, kupiga debe, kukata tiketi, kurudisha chenji. Shambani hajafika. Kitabu kinamuuliza kuhusu pamba, mihogo, viazi, mpunga, na yeye anaweka *kuvuna* kila mahali kwa sababu ndilo analolijua. Watu wa shamba wana kitenzi kwa kila zao: pamba unaichuma, mihogo unaing'oa, viazi unavichimba, muwa unaukata, karanga unazing'oa kwanza kisha unazipukuchua. Likizo ikifika, kama una ndugu Magu au Misungwi, mpeleke akashike kazi, na umwombe bibi yake ataje kila tendo wanalolifanya. Siku moja shambani na bibi anayependa kuzungumza itampa vitenzi ambavyo hakuna tuisheni itakayompa. Na kama bibi anazungumza Kisukuma, vizuri zaidi. Mtoto akisikia tendo kwa lugha mbili analikamata kwa nguvu.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi. Si kila swali analokosa mtoto ni kosa la mtoto. Majaribio mengi yanayozunguka mtaani yametungwa kwa haraka na kurudufiwa bila kusomwa mara ya pili. "Juma ______ mpira." Anacheza, alicheza, atacheza, huchezea. Mwanangu, hapo mtoto afanyeje? Machaguo matatu yanafaa, kwa sababu sentensi haina kidokezo chochote. Huko si kupima Kiswahili, ni kupima bahati. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Wilson Taylor, aliandika kuhusu njia ya kufuta maneno kwenye habari iliyoandikwa na kuwaachia wasomaji wayajaze. Yeye alikuwa anaipima habari yenyewe, aone kama ni rahisi au ngumu kueleweka. Wasomaji wakishindwa kujaza, ni habari ndiyo iliyoonekana ngumu. Nawaomba walimu wenzangu wanaotunga majaribio wakumbuke hilo kila wanapoacha pengo: sentensi lazima imwachie mtoto njia ya kulifikia jibu.

Kwa hiyo chukua yale maswali saba aliyokosa, kaeni pamoja, myapitie kwa kidole. Likikosekana neno la kugusa, si kwake tu bali hata kwako wewe mtu mzima, swali hilo liwekeni alama. Mwalimu wake wa darasa mwendee kwa heshima na umuulize: "Mwalimu, hapa mtoto angejuaje?" Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Atajua pia kwamba nyumbani kuna mtu anayefuatilia, na hilo peke yake lina thamani.

Sasa kuhusu uchovu wako wa jioni na kuishia kwako la saba. Sikuombi umfundishe sarufi. Nakuomba umkatie sentensi. Unaosha vyombo, unamwambia: "Maharage yameungua kwa sababu moto..." unanyamaza, yeye anamalizia. Unachambua mchele: "Kama ungeniamsha mapema..." anamalizia. "Wateja walikuwa wengi mno, hata chapati..." anamalizia. Halafu muulize kila mara: umejuaje? Hilo "umejuaje" ndilo lenye kazi. Anapokujibu "kwa sababu umesema wateja walikuwa wengi", anafanya kwa mdomo kilekile atakachokifanya kwa kidole kwenye karatasi. Ni robo saa tu, na hakuna anayeacha kazi.

Magazeti yanayofika kibandani usiyamalize yote kwa kufungia chapati. Bakiza ukurasa mmoja wa habari, futa vitenzi vichache kwa kalamu nzito, mpe. Habari ya gazeti ni nzuri kuliko sentensi mojamoja kwa sababu kidokezo kinaweza kuwa mistari mitatu nyuma. Akizoea kukitafuta mbali namna hiyo, maswali ya ufahamu nayo yatakuwa mepesi kwake, maana ufahamu na kitenzi cha pengo vinataka msomaji yuleyule.

Jambo dogo la mwisho kuhusu mtoto mwenyewe. Mtazame anaposoma. Kama anaruka maneno ya mwisho wa mstari hata kwenye hadithi anayoipenda, au anakunja uso kutazama ubao, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumlaumu. Na kama anaandika *ameludi* badala ya *amerudi*, kama wengi wetu wa Kanda ya Ziwa, usimpige wala usimcheke. Mwache asome kwa sauti kila siku, na neno alilokosea aliandike upya. Herufi hizo mbili zitakaa mahali pake taratibu.

Baba yake mwambie nimemsalimu, na umwombe naye achukue zamu ya kumkatia sentensi. Yeye kama Mjita atakuwa na maneno ya mitumbwi na nyavu ambayo wewe huna.

Nimebakiza tuisheni. Usilipe mwezi huu. Tumia kidole na gazeti mpaka jaribio lijalo, uone. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa mwezi wa Septemba, na binti yako yuko la sita, kwa hiyo muda mnao. Ukiona bado unahitaji msaada, nenda kwa mwalimu yule na umuulize anavyofundisha maswali ya vitenzi. Akikuambia atampa mitihani ya nyuma mingi aimalize na kuikariri, mshukuru, baki na fedha yako. Akikuambia kwamba kila jibu mtoto atalieleza kwa maneno yake, kwa nini ni hili na si lile, mlipe, tena mlipe kwa wakati.